Besi ya Kurudi Nayo Nyumbani

Kisongo, Arusha.
Mwezi wa saba.

Mpendwa mwanangu Namnyaki,

Baridi ya mwaka huu imekaza. Mlima Meru unajifunika mawingu tangu asubuhi, tukiuona jioni tunafurahi. Mahindi tumekwisha kuvuna. Hayakuwa mengi, lakini maharage yamefidia, na mama yako ameshaweka akiba ya kutosha nyumba. Koko, bibi yako, anatembea vizuri, mguu wake umepoa, na kila jioni ananiuliza kama huko Ujerumani unapata maziwa. Nimemwambia unapata. Akasema hayawezi kuwa sawa na ya hapa. Barabara ya Dodoma ni ile ile, malori na vumbi, na ndege ndogo za watalii zinatupitia juu ya paa kama ulivyoziacha.

Kwaya inakukumbuka kuliko unavyodhani. Kijana aliyeshika besi baada yako anajitahidi, ila mpiga kinanda amerudia mtindo wake wa kupiga besi kwa mkono wa kushoto, na wawili hao wakikutana huko chini, maneno ya wimbo hayasikiki. Ukirudi tutakaa naye, tumweleze kwa upole.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu wageni wetu wa usharika rafiki wa Bavaria wanaondoka Jumatatu, na mama mmoja kati yao amekubali kukufikishia. Kwenye simu tunakatishana maneno, na jambo hili linataka kusomwa zaidi ya mara moja. Kama utapenda kumsomea yule dada unayekaa naye, msomee. Hakuna siri ndani yake.

Baba yako alinifuata Jumapili baada ya ibada, akanionyesha ujumbe wako. Nimeusoma wote na picha nimeziona. Umefika Treppendorf, kile kijiji cha karibu na Bamberg chenye duka la Thomann, umekuta ukuta mzima wa magitaa ya besi, umekaa kwenye kiti na Warwick iliyotengenezwa huko huko Ujerumani, na tangu siku hiyo huna usingizi. Akiba yako ya posho ya kujitolea haifiki nusu ya bei, kwa hiyo umemwomba baba yako auze mitamba miwili akuongezee. Mwanangu, mitamba haitauzwa. Nalisema jambo hili mapema ili usiendelee kusubiri. Ile mitamba ni ada ya mdogo wako, na baba yako, kwa jinsi anavyokupenda, angeiuza halafu akanyamaza. Ndiyo maana nimeona niliseme mimi.

Ila usidhani nasema hivyo kwa kutojua uzito wa unachokitamani. Nilipokuwa kijana nikipiga katika bendi ya hoteli moja hapa mjini, besi niliyoshika haikuwa yangu. Zama zile vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Hata bendi kubwa za Dar es Salaam zilikuwa hivyo. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikaingia mikononi mwa shirika la DDC, ndipo watu wakazoea kuiita DDC Mlimani Park. Mwanamuziki aliajiriwa, akapewa mshahara na gitaa la kupigia. Akihama bendi, na walihama sana, gitaa lilibaki. Watu waliopiga nyimbo ambazo mpaka leo zinachezwa kwenye kila harusi, wengi wao walirudi nyumbani mikono mitupu.

Kwetu hotelini besi ilifungiwa stoo na ufunguo alikaa nao meneja. Mazoezi ya nyumbani hayakuwapo. Nyuzi mpya hazikupatikana madukani, kwa hiyo zile za zamani tulizichemsha. Unazifungua zote nne, unazikunja mviringo, unazitia kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Jasho na mafuta ya vidole yaliyoganda katikati ya mizunguko ya waya yanaachia, maji yanageuka ya kijivu. Unazitoa, unazifuta moja moja kwa kitambaa kikavu, unazianika juani mpaka chembe ya maji isibaki, maana ikibaki kutu inaingia. Jioni unazifunga tena, na ule uzi mnene ambao jana ulikuwa unafanya "du" tu, leo unaita. Baada ya siku chache unafifia, unarudi jikoni.

Kwa hiyo binti wa nyumba hii kumiliki besi yake mwenyewe, akalala nayo chumba kimoja na asiombe ufunguo kwa mtu, kwangu ni jambo kubwa. Nataka uinunue. Tunachozungumza mimi na wewe ni ipi, na kwa fedha ipi.

Warwick ni besi nzuri, sina neno dhidi yake. Kampuni ilianzishwa mwaka 1982 na Hans-Peter Wilfer, na tangu miaka ya 1990 ipo Markneukirchen, mji wa mafundi wa ala. Ukipata nafasi ya kusafiri, kabla ya kununua chochote, nenda Markneukirchen. Kuna makumbusho ya ala za muziki, na kiingilio chake hakitakuumiza. Mafundi wa fidla wa mji ule waliunda chama chao mwaka 1677, na waanzilishi walikuwa Waprotestanti waliofukuzwa Bohemia kwa ajili ya imani yao. Walikimbia na ujuzi wao mikononi, wakaanza upya. Ni mji huo huo alikotoka C. F. Martin, aliyehamia Marekani mwaka 1833, na magitaa yenye jina lake yanatengenezwa mpaka leo. Ukiwa pale utajua kwamba bei ya ala nzuri haikutoka hewani. Kuna miaka mingi ya kazi za watu ndani yake, na hiyo inastahili heshima hata kama huna uwezo wa kuilipia.

Ujue pia kwamba sehemu ya sifa ile imetoka kwetu. Warwick walijulikana kwa shingo za mbao ya wenge, na wenge ni mti wa misitu ya Kongo na majirani zake. Klarineti na obo nzuri za Ulaya zinatengenezwa kwa mpingo, na mpingo mwingi unatoka Tanzania na Msumbiji. Kule Kilwa vijiji vinavyotunza misitu yake ya mpingo vilipata cheti cha kimataifa mwaka 2009, ili mti ukatwe kwa mpango na kijiji kipate haki yake. Muuzaji akikusifia mbao nyeusi ya Afrika, msikilize ukijua kwamba mti huo wewe ni mwenyeji wake.

Sasa nikuambie kwa nini Warwick ile haikufai kwa sasa. Nyingi za namna ile zina saketi ndani inayotumia betri ya volti 9. Betri ikiisha katikati ya ibada, besi inakoroma kisha inanyamaza, na wewe unajua betri za dukani kwetu zinakaa juani miezi mingapi kabla ya kuuzwa. Saketi ikiungua, hakuna mtu kati ya Kisongo na Usa River mwenye kipuri chake. Utaandika Ujerumani, utasubiri, na besi ya mamilioni itakaa chini ya kitanda wakati kwaya inaimba.

Tazama upande wa pili. Mwaka 1951 Leo Fender wa Fullerton, California, alitoa Precision Bass, besi ya umeme ya kwanza kuenea dunia nzima. Mtu huyo hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio. Ndani ya besi yake kuna sumaku na koili ya waya, kitufe cha sauti, kitufe cha toni, kapasita moja na tundu la kuchomekea waya, basi. Shingo imefungwa kwa skrubu nne. Jazz Bass ya mwaka 1960 imeongeza kidogo tu. Aliyezibuni alikuwa fundi redio, na fundi redio wa Kilombero hapa Arusha mwenye pasi ya kuchomea risasi atazielewa akizifungua. Skrubu zake, masikio yake ya kukazia nyuzi, vitufe vyake, vinatengenezwa na makampuni mengi na vinaingiliana. Kwa mtu atakayeishi na kupiga Kisongo, sifa hiyo naiweka mbele ya mbao.

Wala usifikiri ni besi ya wanyonge. James Jamerson, aliyepiga katika nyimbo nyingi zilizoipa Motown jina, alitumia Precision ya mwaka 1962 ya kawaida kabisa ya kiwandani, na nyuzi alikuwa habadili mpaka zikatike. Huyo ni wa mbali. Wa karibu yetu ni Tom Malanga. Wilson na George Kinyonga, ndugu kutoka Tanga, walipita hapa hapa Arusha wakapiga na Arusha Jazz, kisha wakavuka Namanga kwenda Nairobi, ambako mwaka 1971 walianza Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya vijana wao walijitenga wakaunda Les Wanyika, na mpiga besi alikuwa Tom Malanga. Uliposoma shule ya msingi nilikukalisha uisikilize besi ya wimbo wao Sina Makosa, unakumbuka? Haina haraka. Inasema neno, inanyamaza, gitaa la rithimu linapita, inasema tena. Hapo penye kunyamaza ndipo watu wanapochezea. Miaka zaidi ya arobaini imepita, na sijamsikia mtu akiuliza Malanga alishika besi ya kampuni gani.

Mimi nashikilia hapo, na naomba unisikilize. Besi inapimwa na watu wanaoimba juu yake. Kama wazee wa kiti cha nyuma wamejikuta wanatikisa vichwa bila kujua kwa nini, besi ni nzuri. Kama mpiga besi mwenzako pekee ndiye anayeisifia, bado.

Najua utaniambia wakubwa wanapiga za bei. Ni kweli. Kuna Fodera za Brooklyn, New York, zinazotengenezwa tangu mwaka 1983, anazopiga Victor Wooten, na Richard Bona wa Kameruni naye amezipiga. Moja inaweza kuzidi bei ya bodaboda nne mpya. Lakini Bona utotoni alijitengenezea magitaa mwenyewe kijijini kwao. Kazi ilitangulia, Fodera ikafuata. Na wewe, ikifika siku ambapo besi inakulipa, nunua uipendayo, nami nitakuja kuishika kwa heshima.

Basi utakaporudi dukani fanya hivi. Nenda siku ya kazi, asubuhi, wakati vyumba vya kujaribia havina foleni. Chukua besi chache za bei tofauti, hata ile Warwick iwemo, zikae chumba kimoja, amplifaya moja, vitufe vyote katikati. Kabla ya kuchomeka waya, piga kavu. Weka kidevu juu ya pembe ya gitaa usikie mtetemo unavyotembea kwenye mbao. Nyingine zinatetemeka mpaka kwenye taya, nyingine zimelala. Iliyolala haiamshwi na amplifaya.

Halafu ishike kichwa kikiwa usoni pako, fumba jicho moja, tazama shingo mpaka chini kama seremala anavyopima ubao. Kupinda kidogo sana kuelekea mbele kunatakiwa. Ikiwa imejinyonga upande, iweke chini usiirudie hata kama rangi imekupendeza. Kisha piga kila freti, kila uzi, polepole, bila kuruka. Panapokoroma pakumbuke, mwonyeshe muuzaji. Piga uzi ukiwa wazi, kisha uupige kwenye freti ya 12: ni sauti ile ile, oktavu moja juu. Ikiwa imeteleza, waambie warekebishe daraja hapo hapo. Kwao ni kazi ya dakika chache, kwako huku itakuwa kazi ya mwezi. Na kama utachukua ya nyuzi tano, kama vijana wote wa injili wanavyotaka siku hizi, ule wa tano uusikilize zaidi ya mingine yote. Mtetemo wake ni kama 31 kwa sekunde, chini kabisa, na kwenye besi nyingi za bei ndogo unalegea na kutoa mngurumo usio na noti. Ya nyuzi nne iliyo safi inashinda ya nyuzi tano yenye uzi mmoja wa bure.

Simama nayo begani nusu saa. Usikae. Madukani watu hujaribu wakiwa wamekaa, halafu wanapiga maisha yao yote wakiwa wamesimama. Unaijua ibada yetu ya Pasaka inavyokwenda. Besi inayokaribia kilo 5 itakuonyesha bega lako liko wapi.

Ukimaliza yote hayo, mwombe yule dada ageuze lebo za bei, akupe besi moja moja umefumba macho. Piga wimbo mmoja tu, wa kwetu, ule unaoujua hata usingizini, na usipige vile vionjo vya haraka vya kuonyeshana. Mwambie aandike ulichosema baada ya kila moja. Naamini karatasi ile itakushangaza.

Katika maduka ya namna hiyo popote duniani, binti akishika besi kuna atakayemuuliza kama anamtafutia kaka yake. Na wewe ni mgeni, tena Mwafrika. Jibu kwa adabu, endelea kupiga. Umesoma muziki Makumira, unajua unachokifanya, na fedha yako ni fedha. Uliza kila unachotaka kuuliza. Ukiona unaharakishwa, shukuru uondoke. Ukuta ule hautahama.

Usinunue siku hiyo. Lala, amka, sikiliza kama bado unaikumbuka sauti au unaikumbuka rangi. Pia usingoje wiki ya mwisho kabla ya safari. Thomann wanampa mteja siku 30 za kurudisha kitu na kurejeshewa fedha, na dhamana ya miaka 3. Dhamana ile kutoka Kisongo haina msaada mkubwa, kwa sababu nauli ya kuirudisha besi itakula thamani yake. Lakini zile siku 30 ni zako ukiwa bado huko. Ipige kila siku, uipeleke hata kwenye ibada ya wenyeji wako, ili kama ina kilema kionekane mapema. Wakikuambia unaweza kulipa kidogo kidogo, kataa. Mwaka wako wa kujitolea utaisha, na deni litapanda ndege pamoja nawe.

Besi ya mtumba si aibu hata kidogo. Mbao haizeeki vibaya, na iliyopigwa na mwenye kuitunza mara nyingi imetulia kuliko mpya. Uikague kwa njia ile ile, na utazame freti kama zimechimbika chini ya nyuzi. Kama una wazo la kusubiri ununue Kariakoo, vyombo vipo na vingine vizuri, lakini jina la Fender lililobandikwa kichwani peke yake lisikutoshe. Za bandia zimeenea dunia nzima.

Ningekuwa na fedha yako mkononi ningetazama Yamaha za BB, au Fender zinazotengenezwa Meksiko, zile zisizo na betri, nyingine zinapatikana chini ya euro 1,000. Fedha inayobaki ndiyo itakayokufanya mpiga besi mwenye vyombo. Kasha gumu ni la kwanza, maana mfuko wa kitambaa chini ya mizigo ya ndege hadi uwanja wa KIA ni kutafuta msiba. Na siku ya safari ulegeze nyuzi kidogo. Nunua seti kadhaa za nyuzi, kwa sababu sitaki kukuona na sufuria. Nunua alenki inayoingia kwenye ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo. Ukiteremka hapa kiangazi, ukavu wa Kisongo utaivuta shingo, utahitaji kuizungusha fimbo hiyo robo tu, usubiri hadi kesho yake, ndipo uamue kama inataka robo nyingine. Chukua na tundu la akiba la kuchomekea waya, na vitufe viwili. Risiti zote uziweke pamoja, forodha wataziuliza.

Chukua pia kile kisanduku kidogo kinachoitwa DI, cha kupeleka besi moja kwa moja kwenye miksa. Kanisani kwetu hicho kitakusaidia kuliko spika kubwa, kwa kuwa spika zipo, tatizo ni kwamba besi inafika kwenye miksa ikiwa imekwisha nguvu njiani.

Kuhusu amplifaya, umeme wa Ujerumani na wa kwetu ni mmoja, volti 230, kwa hiyo chombo cha huko kitafanya kazi huku bila transfoma, tofauti na vya Marekani vya volti 120. Utabadilisha plagi tu, yetu ina meno matatu bapa. Siku hizi kuna vichwa vya amplifaya vya wati 500 visivyofika kilo 3, unavitia kwenye begi la mgongoni. Angalia nyuma pameandikwa ohm ngapi za chini kabisa. Spika mbili za ohm 8 zikiungwa sambamba zinakuwa ohm 4, na kichwa kisichoruhusu 4 kinaweza kuungua. Nimeshuhudia moshi ukitoka nyuma ya jukwaa kwa sababu hiyo, harusi ikamalizika kwa kupiga makofi. Hata hivyo usikinunue huko kwa fedha yako. Mimi na mama yako mkubwa tumekubaliana kwamba amplifaya na stebilaiza ni juu yetu, ukisharudi. Umeme wetu unapanda na kushuka, stebilaiza lazima iwepo kabla ya chochote kuchomekwa.

Sasa nina agizo. Ukishapata tatu zilizokukaa moyoni, zirekodi dukani, wimbo ule ule mmoja, dakika mbili kila besi. Usitaje ni ipi. Ziite ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Warwick iwe mojawapo. Usizitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, unabana sauti. Tuma faili nzima. Wala sitasikilizia kwenye simu, kwa sababu uzi mnene wa besi ya nyuzi nne unatetemeka mara 41 kwa sekunde na spika ya simu haifiki huko. Jumamosi baada ya mazoezi nitaunganisha na spika za kwaya, niwakalishe baba yako, mama yako, wanakwaya wote, na Koko mbele kabisa. Tutasikiliza bila kujua bei, kila mtu ataje yake, na matokeo nitakuandikia kama yalivyo. Ikiwa Warwick itashinda kwa watu wote hao, tutazungumza upya habari ya fedha, mimi na baba yako, bila kugusa mitamba.

Tuma kabla mwezi wa nane haujaisha. Mama yako anakusalimu sana, na anasema uvae soksi.

Ni mimi,
Baba yako mkubwa.